Rada wa Michenga

Ukifika Michenga ukauliza kwa Domitila, utazungushwa kijiji kizima. Uliza kwa Rada, hata mtoto anayekimbiza tairi atakuonyesha nyumba. Huyo ni wifi yangu, mke wa kaka yangu Evod, na nimeamua kumsimulia mwenyewe kwa sababu wengi wanaolitaja jina hilo hawajui lilikotoka wala lilimgharimu nini. Mimi nauza kambale na perege wa kukaanga sokoni Ifakara. Mdomo ninao, sikatai, na jambo la nyumbani kwetu likisimuliwa kombo mbele yangu siwezi kunyamaza nikaendelea kugeuza samaki.

Domitila ni Mpogoro wa Mahenge, sisi ni Wandamba, kwa hiyo ni watani. Siku Evod alipomleta nyumbani nilitangaza mbele ya watu kwamba kaka yangu ametuletea mtu wa mlimani asiyejua kuogelea, mvua ya kwanza itaondoka naye. Akanijibu palepale kwamba bora yeye aondoke na mvua kuliko mimi ninayenuka samaki mpaka kwenye komunyo. Watu walicheka hadi mama yetu akajifuta machozi kwa kanga. Tulipendana tangu siku ile, lakini utani huo wa maji sijaurudia tena maishani mwangu, na mtaona ni kwa nini.

Kwetu bondeni mpunga haulindwi kwa mbali. Punje zake zikishaanza kutia maziwa, mnahamia shambani na masufuria yenu na kulala kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo chenye ngazi ya miti. Mchana mnawinga ndege wa kwelea kwa sauti na kombeo la vidonge vya udongo. Usiku mnapiga madebe kuwafukuza viboko wanaopanda kutoka mtoni, maana kiboko mmoja akishiba, nyinyi mtashinda njaa. Mnalala kwa zamu. Anayelala kwenye zamu yake huchekwa na majirani mpaka mavuno yaishe.

Masika ya mwaka juzi Domitila alikuwa dunguni na mdogo wake Fridolin, kijana mpole aliyeshuka kutoka Mahenge kuja kumsaidia kulinda. Evod alikuwa kijijini na binti yao Ritha, ambaye alikuwa na homa. Kabla ya kupambazuka maji ya mto yalijaa na kuingia mashambani, na dungu likabebwa. Wavuvi wa Mofu waliopita na mtumbwi mchana ule walimkuta Domitila juu ya mti, amekumbatia shina, na vidole vyake ilibidi wavibandue kimoja kimoja. Fridolin alipatikana maji yalipopungua.

Tukazika. Kwenye matanga Domitila hakulia, alipika na kuteka maji kama vile msiba ni wa jirani. Wazee wakasema huyu mwanamke ana moyo wa chuma. Mimi pia nilisema hivyo, tena kwa sauti.

Msimu uliofuata alirudi shambani wa kwanza, kabla ya watu wote. Na hapo ndipo ulipoanza umaarufu wake. Kwelea kabla hawajatua, Domitila alikuwa ameshasimama na kombeo linazunguka. Kiboko akiwa bado anapumua mtoni, yeye ameshaanza kupiga debe. Shamba la Evod halikuliwa hata kona, na mashamba ya jirani yakapona kwa kuwa karibu nalo. Wenzake waliokuwa wakisinzia walisema hawajui yeye hulala saa ngapi. Vijana wakamwita Rada, na jina likakaa.

Sisi kwetu mtu mvivu ni msiba, na mtu asiyelala ni baraka kwa ukoo. Tulijivunia bila aibu. Mama yetu, anayeishi Mchombe kwa kaka mkubwa Osward, alikuwa akisimama baada ya misa kuwaambia wenzake kwamba wao wana wakwe, lakini yeye ana rada. Mimi nilikuwa nawasimulia wateja huku nawafungia samaki. Evod aliwahi kuniambia, "Dada, huyu analala ameketi, macho wazi kama kambale," tukacheka wote wawili. Leo nikikumbuka kicheko kile natamani kujizaba kofi. Ugonjwa ulikuja umevaa nguo za bidii, na sisi tukaukaribisha na kuupa kiti.

Maana dalili zilikuwepo. Alikula amesimama. Aliweka chumvi kwenye mboga, akasahau, akaweka tena. Ngoma zilipoanza kanisani alitoka nje na kusimama juani mpaka zinyamaze. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na sisi methali hiyo tuliijua vizuri sana, tatizo ni kwamba tulikuwa tunautazama mpunga tu.

Ilikuwa Jumapili, nimewapelekea samaki shambani. Domitila alikuwa juu ya dungu, kombeo mkononi, kidonge tayari ndani yake. Ritha, aliyekuwa ameanza shule ya awali mwaka ule, akaniwekea kidole mdomoni ninyamaze. Alitaka kupanda taratibu amzibe mama yake macho kwa nyuma na kumuuliza, "Mimi nani?" Nilimwachia, nikajua ni mchezo. Ngazi ikalia. Domitila aligeuka mara moja, mkono ukaruka wenyewe, na kidonge kikampata mtoto juu ya jicho.

Damu ya kichwa ni nyingi, sitaieleza. Nitaeleza uso wa wifi yangu. Alimtazama mwanawe kama mtu aliyeamshwa ghafla kwenye nyumba asiyoijua, kisha akalidondosha kombeo. Evod alikuja mbio kutoka matutani, akambeba mtoto, tukadandia bodaboda mbili hadi hospitali Ifakara.

Ritha alishonwa bila kulia, mkono wake umeshika kidole changu. Mganga alipokuwa anamalizia kubandika bendeji, sinia la vyuma likamponyoka muuguzi na kuanguka sakafuni. Kabla mlio haujaisha, Domitila alikuwa amemnyakua mtoto na amesimama juu ya kitanda, mkono mmoja umeng'ang'ania nondo za dirisha. "Panda juu!" alikuwa anasema. "Panda juu, Fridolin, panda!" Mtu mmoja kwenye foleni mlangoni alicheka. Nilimgeukia nikamuuliza kama kwao kuna mtu aliyewahi kufiwa au wote wanaishi milele, na akatafuta sehemu nyingine ya kukaa.

Yule mganga hakucheka wala hakumkimbilia. Alisubiri chini, akamwita jina lake polepole, akamwambia yuko Ifakara, ni Jumapili, mvua hakuna. Domitila aliposhuka alijiinamia kwa haya. Mganga akatuandikia tumwone Daktari Nickolaus kwenye kliniki ya afya ya akili. Nilipoelewa ni mlango gani tunaoelekezwa nilitaka kugomba, maana sisi hatuna kichaa kwenye ukoo. Domitila ndiye aliyenivuta mkono. "Wifi, twende," alisema. "Mimi nimechoka."

Habari zilifika Mchombe kabla hata uzi haujakauka. Mama akaja kesho yake, na kapu mkononi.

"Shikamoo, mama," Domitila alimwamkia akiwa amepiga magoti.

"Marahaba." Mama alikaa, akamweka Ritha mapajani, akaitazama ile bendeji kwa muda mrefu. "Domitila, mwanangu, mimi sina ugomvi na wewe. Lakini huyu mtoto naondoka naye Mchombe. Leo ni udongo, kesho litakuwa panga."

Tulisubiri Domitila ajitetee. Hakujitetea. Alisema, "Mchukue, mama. Na mimi namwogopea."

Hapo niliwaka. Nilimwambia mama kwamba mkwe alipokuwa rada alikuwa wake, sasa amekuwa mgonjwa amekuwa wa nani? Nilimwambia na Evod maneno yake, kwa sababu alikuwa amekaa kimya kama gunia la pumba. Mama aliniacha nimalize, ananijua. Mwishowe alitoa kauli yake: mtoto atakaa kwangu mjini, mama yake atibiwe, na mpunga wa mwakani ukianza kutia maziwa atakuja shambani kuona kwa macho yake. Asiporidhika, Ritha atakulia Mchombe na neno halitarudiwa. Tulikubali, maana mama akisema amesema.

Siku ya kliniki ilipofika, kwa Daktari Nickolaus nilitegemea tupewe vidonge tuondoke. Yeye alivuta kiti akakaa upande wetu wa meza, akauliza habari za mafuriko, akasikiliza. Kisha akamweleza Domitila kinachotokea mwilini mwake, na naona nieleze kama nilivyokielewa, kwa sababu ndicho kilichomrudishia wifi yangu heshima yake.

Mtu akishtuka, alisema, ubongo unatuma amri kwenye tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo. Tezi zinatoa adrenalini, moyo unakwenda mbio, mikono inapata nguvu. Hiyo ndiyo iliyompandisha Domitila mtini na kumfanya ang'ang'anie. Nyuma yake tezi zinatoa homoni nyingine iitwayo kortisoli. Hiyo inazunguka na damu mpaka inarudi kwenye ubongo uleule uliotoa amri, na huko inakutana na vipokezi. Ikishakaa kwenye vipokezi, ubongo unajua ujumbe umefika, unaanza kupunguza moto.

"Sasa mtu akipatwa na jambo zito," akaendelea, "vipokezi vile vinaweza kubadilika. Si kwa kila mtu, na wataalamu wenyewe bado wanabishana. Lakini kwa wengi waliochunguzwa vinakuwa vyepesi kupita kiasi. Kortisoli kidogo tu ikigusa, vinasema imetosha, na tezi zinaacha kuitoa. Basi ile ya kutuliza inakuwa haba, na ile ya kukimbiza moyo inabaki haina wa kuishika. Ndiyo maana huwezi kulala. Ndiyo maana sinia likianguka leo, mwili unasikia maji ya mwaka jana."

Domitila alifikiri. "Kwa hiyo mapokezi ya kichwani mwangu ndiyo mabovu."

"Si mabovu. Ni mepesi mno."

Mimi nikaona nisaidie. Nilisema ni kama kamati ya mapokezi ya harusi ambayo imemwona mgeni wa kwanza tu, imefunga geti, na wengine wote waliobeba vyakula wamebaki nje wanapiga honi. Daktari alicheka, akaniuliza kama anaweza kuutumia mfano huo. Nikamwambia autumie tu, mradi aseme umetoka kwa muuza samaki.

"Na unaviona?" Domitila alimuuliza. "Hivyo vipokezi vyangu?"

"Hapana. Kipimo cha kuviona hapa sina, na sitakudanganya kwamba nimevihesabu. Nakwambia yanayojulikana kwa watu wenye dalili kama zako. Ninayekuona ni wewe."

"Kwa hiyo mimi si mwoga."

"Si mwoga, si kichaa, na hujarogwa."

Akalia. Alilia kwa sauti, kilio cha msibani kabisa, kile tulichokikosa kwenye matanga, na watu wa nje walikuja kuchungulia wakidhani kuna mtu amefariki. Nilifunga mlango nikakaa naye chini. Nililia na mimi, sina haja ya kuficha.

Dawa alipewa, ila kazi kubwa ilikuwa kusimulia. Kila alipokwenda kliniki daktari alimtaka aisimulie siku ile tangu mwanzo, kwa maneno yaleyale, mpaka maneno yachoke. Alitaka niwepo, nikawepo. Mara za kwanza aliishia kwenye maji kuingia dunguni na kuanza kutetemeka. Daktari alikuwa akimwambia akanyage sakafu, ataje vitu anavyoviona chumbani, apumue, kisha wanaendelea au wanaacha. Mara nyingi waliacha.

Siku moja akasema jambo ambalo hata Evod hakuwa analijua. "Ilikuwa zamu yangu. Fridolin alilinda tangu jioni, akaniamsha, akalala. Mimi nikakaa, halafu nikasinzia. Nilipofumbua macho, mkeka ulikuwa umelowa." Akatutazama. "Nililala, na mdogo wangu akafa. Tangu siku ile sijajiruhusu."

Nilielewa kila kitu kwa mara moja, na nikaogopa kwa jinsi tulivyokuwa tumemshangilia. Tulikuwa tumempa sifa kwa adhabu aliyojipa mwenyewe.

Daktari hakumwambia si kosa lako, kama ambavyo mimi nilikuwa tayari kusema. Alimuuliza, "Ungekuwa macho, ungefanya nini?"

"Ningemwamsha mapema."

"Halafu?"

"Tungepanda mtini."

"Na mlipoamka, mlifanya nini?"

Domitila aligeukia dirishani. Nyuma ya dirisha mtu alikuwa anafagia majani. "Tulipanda mtini," alisema. "Wote wawili. Tulipanda. Yeye alikuwa tawi la upande wa pili, tunazungumza. Tawi lake likakatika." Akarudia kama mtu anayesoma maneno kwa mara ya kwanza. "Tulikuwa tumeshapanda."

Njiani kuelekea kwangu alinunua muwa, akautafuna akiwa ameketi kwenye msingi wa duka la Bi Salha, na nikakumbuka kwamba sijamwona akila ameketi tangu mafuriko.

Sitawadanganya kwamba baada ya hapo mambo yalinyooka. Usingizi hauji kwa kuelewa. Aliujifunza upya kama mtoto anavyojifunza kutembea, na alianzia kwangu, mchana, kwenye mkeka, mlango wazi, Evod ameketi kizingitini. Kaka yangu huyo niliyemwita gunia la pumba aliacha vibarua vyake vingine akawa anakaa pale akishona nyavu, kazi yake ni kusema tu, "Nipo, niko macho." Domitila alifumba macho, akafumbua. Akafumba tena. Mvua za vuli zilipoanza kupiga mabati alipanda juu ya meza yangu ya kukatia samaki. Mvua nyingine ilipokuja, aliishika meza kwa mikono miwili lakini miguu ikabaki sakafuni. Nilimpigia makofi peke yangu jikoni. Kuna watu wanajivunia watoto wao kupata shahada, mimi najivunia ile miguu.

Ritha naye alikuwa anajifunza. Shangazi mtu nilimfundisha kwamba kwa mama hatuendi kwa nyuma, tunasema hodi tukiwa mbali. Akawa anasema hodi hata akimletea mama yake maji chumba kilekile. Kovu lilibaki juu ya jicho, jembamba. Siku moja nilimkuta Domitila analipapasa kwa kidole, na mtoto anamwambia, "Haliumi, mama, ni mapokezi yalikosea." Alikuwa ametusikia tukizungumza, na sikuona haja ya kumsahihisha.

Kwenye jumuiya ya Michenga, siku zamu ya sala ilipofika nyumbani kwao, wifi yangu alisimama mwenyewe akawaeleza wenzake habari za tezi na homoni na vipokezi, na kwamba yeye anatibiwa. Mama mmoja, ambaye mumewe aliwahi kuponea mdomoni mwa mamba, alimfuata nyuma ya nyumba na kumuuliza kliniki ni siku gani. Baadaye wakaja wengine. Hilo nalo mkilitaja jina la Rada mlitaje.

Lakini mama alikuwa hajashawishika. Nilipompigia simu kumweleza alisema, "Vipokezi! Tangu lini kichwa cha mtu kikawa na ofisi?" Nikamwambia asubiri aone. "Nasubiri," alisema. "Mimi macho yangu hayajatiwa dawa."

Mwaka huu mpunga ulipoanza kutia maziwa, Domitila alitaka kwenda shambani. Daktari alimwambia aende, ila zamu za usiku azichukue Evod, yeye alinde mchana. Hatukujua itakuwaje. Evod alijenga dungu jipya kwenye mwinuko, akatandika mkeka. Siku za mwanzo nilikuwa napiga simu kila jioni, na kila jioni jibu la Evod lilikuwa lilelile: analinda vizuri, ila usiku hajalala.

Mama akaja kama alivyoahidi. Alishukia kwangu, tukamchukua Ritha, tukapanda bajaji mpaka inapoishia njia kisha tukatembea juu ya matuta. Mama alikuwa mbele, kanga kiunoni. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi ya kumtetea wifi yangu, nayapanga kichwani kwa mpangilio mzuri.

Tulipokaribia shamba, mama akasimama. "Mbona kimya?"

Ni kweli. Mashamba ya jirani watu walikuwa wanapiga kelele, wanarusha udongo, mabati yanalia. Kwa Evod hapakuwa na sauti. Na kwelea walikuwa wametua. Walikuwa wengi kiasi kwamba mashuke yalikuwa yameinama, wanakula bila wasiwasi kabisa. Evod alikuwa kijijini, amelala baada ya zamu ya usiku. Nilidhani Domitila amekimbia, au ameanguka, au jambo ambalo sitalitaja.

"Yuko wapi huyo Rada wenu?" mama aliuliza.

Ritha alitaka kusema hodi, nikamziba mdomo, sijui kwa nini. Tulikwenda hadi chini ya dungu, na kabla sijapanda nikaisikia sauti. Nilidhani ni mdudu. Mama alinipita, akapanda ngazi, umri wake wote na magoti yake yote, akachungulia. Nikapanda nyuma yake.

Domitila alikuwa amelala. Hakuwa amesinzia akiwa ameketi, alikuwa amelala chali, miguu amenyoosha, mdomo wazi, mate yanamtoka pembeni, kombeo limemteleza mkononi. Alikuwa anakoroma. Nywele zilikuwa zimejaa majani makavu. Jua lilimwingilia usoni na hakujua.

Maneno yote niliyoyapanga njiani niliyaacha palepale kwenye ngazi. Niliona fahari ikinipanda kifuani. Nimeshuhudia harusi, nimeshuhudia upadrisho, nimemwona kaka yangu Osward akichaguliwa mwenyekiti wa kitongoji. Hakuna hata siku moja kati ya hizo iliyonijaza kama mwanamke yule aliyelala kazini, ndege wanamaliza mpunga wake.

Nilimtazama mama. Ni mkulima tangu azaliwe. Mpunga ukiliwa mbele yake huumia kama anang'olewa jino, na sauti yake ya kuwinga inajulikana Mchombe yote. Alitazama shamba. Akamtazama mkwe wake. Akashuka ngazi taratibu, kila mti akiujaribu kwanza kwa kidole cha mguu usije ukalia.

Chini alifungua kanga kiunoni, akaingia matutani, akaanza kuipunga. Hakutoa sauti. Alikwenda na kurudi, mikono juu, kanga inapepea, midomo ameibana. Kwelea waliinuka upande mmoja wakatua upande mwingine, akawafuata huko, nao wakarudi walikotoka. Ritha aliona ni mchezo, akavua sweta lake akaanza kupunga nalo. Nikafungua kitambaa changu cha kichwa na mimi. Tulikuwa wanawake watatu tunakimbizana na ndege kimyakimya kwenye jua, na mpunga ulikuwa unaliwa, na hakuna aliyejali.

Jirani wa shamba la pili akapaza sauti kutoka kwenye dungu lake. "Mama! Mnafanya nini huko? Pigeni kelele, wanawamaliza! Rada yuko wapi?"

Mama alimkimbilia. Alikwenda mpaka kwenye tuta la mpaka, kidole mdomoni, kichwa anakitikisa, akasubiri yule mtu ainame vizuri. Kisha akamwambia kwa sauti ya chini, na alitamka kwa namna ambayo wazazi wengine husema mwanangu amefaulu:

"Mkwe wangu amelala."